Mwaka Ambao Mtani Hakutania

Daktari alipomuuliza mdogo wangu Rajabu baba yetu alikufa kwa ugonjwa gani, Rajabu alijibu bila kusita kwamba alikufa kwa bawasiri. Daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia kwa upole kwamba bawasiri humsumbua mtu, humtia aibu, humnyima raha ya kukaa kitini, lakini haimkondeshi mtu mzima mpaka akabaki mifupa na kumpeleka kaburini ndani ya mwaka. Rajabu alinisimulia haya mwezi uliopita, amekaa sebuleni kwangu hapa Masuguru, Korogwe, ametoka Handeni asubuhi kwa sababu hakutaka kunieleza kwa simu. Alikuwa ameona damu chooni, naye kama mwana wa baba yake alikuwa tayari kunyamaza, ila mkewe si mtu wa kunyamaziwa. Alimsukuma mpaka hospitali kubwa, huko wakamwingizia mpira mwembamba wenye kamera, wakakuta vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo mpana, wakavikata hapo hapo. Alionyeshwa picha zake. Alisema vilikuwa vidogo na havitishi hata kidogo. Daktari akamweleza kwamba vinyama vya namna ile huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha kimoja kikageuka saratani, na kikitolewa kabla hakijageuka basi habari yake imeishia hapo. Akamwagiza aje kwangu, dada yake wa tumbo moja, aniambie nami nikapimwe, nisingoje kuona damu ndipo nishtuke. Nilikuwa napakua. Nilisimama na mwiko mkononi nikamtazama mdogo wangu, mtu mwenye mvi sasa, nikataka kulia nikashindwa, nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Neno bawasiri tulipewa na baba mwenyewe, mwaka uliofuata ule niliomaliza darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea, kwa hiyo nilishinda nyumbani, nusu mtoto nusu mtu mzima, katika umri ambao wakubwa husahau kwamba una masikio. Nyumba yetu ilikuwa hapa hapa Masuguru: sebule, vyumba viwili, jiko la nje lenye dirisha lisilo na kioo, na nyuma ya jiko choo chenye mlango wa bati uliolia kila ulipofunguliwa. Baba alikuwa na bucha. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, mtoto wa manamba aliyeletwa kutoka Unyamwezini, na jambo moja tu alilopenda kusema juu ya kambi ni kwamba huko walilishwa posho ya dona mpaka meno yakachoka. Kwa hiyo kwetu dona haikuingia. Unga wetu ulikuwa sembe, mweupe wa kung'aa, uliokobolewa mpaka ukakosa hata harufu ya mahindi. Nyama ililiwa kila siku aliyoileta Mungu. Asubuhi supu, mchana nyama ya kuchemsha, na jioni baba alichochea mkaa mwenyewe akachoma mbavu mpaka kingo zikawa nyeusi, maana alizipenda zilizoungua. Mama akipika mchicha, baba aliusogeza pembeni ya sahani akasema mbuzi keshamlia majani, yeye anamla mbuzi. Tulicheka kila mara kama hatujawahi kuyasikia. Baada ya kula aliwasha sigara, akajinyoosha kitini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika alikokuwa akienda. Kwa hilo simlaumu. Mtu aliyepimiwa posho utotoni huwezi kumwambia kwamba makapi yana faida.

Aliyethubutu kumcheka alikuwa mmoja tu, Mzee Mhina wa Sindeni. Alikuwa Mzigua, mkulima, na sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zama za mababu, kwa sababu za misafara na vita ambazo kila mtu huzieleza kwa namna yake. Mtani ana ruhusa. Anaingia jikoni kwako akafunua sufuria, anakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, anasema juu ya maumbile yako maneno ambayo ndugu yako angeyasemea moyoni, nawe huna haki ya kununa. Baba alipokwenda mnadani Handeni kununua ng'ombe alilala kwa Mzee Mhina, na Mzee Mhina alipoleta mahindi na kunde zake Korogwe alilala kwetu. Nikimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba mtumwa wangu, baba yako hajakuuza bado?" Kila safari alikuja na furushi la mchunga, mboga ya porini chungu kweli kweli, akamkabidhi mama akisema amewaletea wala nyama dawa ya matumbo. Mama aliupika, sisi watoto tukaula tumekunja nyuso, na baba akasukuma fungu lake kwenye sahani ya Mzee Mhina, wakaanza kurushiana maneno mpaka chai ikapoa. Sijapata kuona watu wawili waliopendana kama wale, na sijawasikia hata siku moja wakisemezana vizuri.

Mwaka ule, muda mfupi baada ya Idi, walirudi pamoja kutoka mnadani. Tulikuwa mkekani sebuleni, wakati wa chakula cha mchana, mama anawanawisha watu mikono. Mzee Mhina alinyoosha yake juu ya beseni na kumwambia mama kwa sauti ya mtu anayetangaza:

"Shemeji, kumbe humu ndani mko wake wawili. Huyu mwenzio juzi kule Sindeni alikuwa kwenye siku zake."

Sisi watoto hatukupaswa kuelewa. Tulielewa, tukaficha nyuso. Mama alicheka mpaka maji yakamwagika mkekani. Baba alicheka kuwashinda wote, akampiga Mzee Mhina begani, akasema ni bawasiri tu, ugonjwa wa wanaume wanaokaa na kula vizuri, Wazigua nao wangekula nyama wangeupata. Ndivyo neno lilivyoingia nyumbani. Leo nikiwakumbuka wale watu waliozunguka sinia, naona kwamba kila kitu kilisemwa pale, mchana kweupe. Mwanaume anatoka damu chooni, na aliyeingia choo kile kile nyuma yake ameiona na ameitaja mbele ya mkewe na wanawe. Lakini aliyeitaja ni mtu ambaye maneno yake hayachukuliwi.

Damu yenyewe isingeweza kutushtua. Baba alikuwa mwenye bucha. Mama alifua makoti yake na suruali zake tangu alipoolewa, na hapakuwa na siku maji ya beseni hayakuwa mekundu. Damu ya ng'ombe na ya mume wake zilikwenda kwenye mfereji mmoja. Yaliyokuwa yakionekana ni mengine, nayo tuliyapa majina mepesi. Alikaa chooni mpaka Rajabu akahangaika nje na kwenda kwa jirani. Siku kadhaa hapati choo kabisa, kisha inafuata siku ya kukimbia. Aliacha kwenda msikitini kwa swala ya adhuhuri, majirani wakasema fedha za nyama zimempa kiburi, na kumbe alikuwa haamini kwamba udhu wake utafika mpaka mwisho wa swala. Alinunua mizizi kwa muuza dawa wa sokoni, akaichemsha, akaigugumia, na damu ikakata siku chache. Akafurahi kama mtoto, akatununulia soda. Iliporudi hakusema. Alianza kukatia nyama akiwa amekaa kwenye kigoda, akatoboa mkanda wa suruali tundu jipya, na watu wakamsifu kwamba kitambi kimepungua.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, Mzee Mhina alikuja bila furushi. Alikuwa amevaa kanzu na kofia na haikuwa Ijumaa. Alikataa mkeka, akakaa kitini, akaomba sisi watoto tubaki na mama aitwe. Majirani wawili waliokuja kununua maini nao wakasogea mlangoni kusikiliza, maana Mzee Mhina akifika kwetu watu hawakutaka kukosa. Akamtazama baba akasema:

"Kasimu, leo sitanii."

Baba aligeuka kwetu, mikono ameitanua. "Mmemsikia Mzigua? Leo hatanii." Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Ulikuwa utani bora kuliko wote aliowahi kuufanya, na kofia ile na uso ule wa mazishi viliukoleza. Mzee Mhina alisubiri tumalize, akaanza upya. Alisema damu ile si ya bawasiri. Alisema mjomba wake alikwenda hivyo hivyo, anakonda huku anasema bawasiri, mpaka tumbo likafunga. Alisema gari la asubuhi lipo na yeye yuko tayari kumsindikiza hospitali. Kila sentensi ilizidi kutuvunja mbavu. Alipotamka jina la baba bila kumwita mtumwa, jirani mmoja alishika ukuta. Mama, machozi ya kicheko yakimtoka, alisema mtani leo ametumaliza. Namwona bado yule mzee kwenye kiti chetu, anafungua mdomo na kuufunga, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wako ndani na hawamfungulii.

Baba alimsindikiza. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, na walisimama chini ya dirisha bila kujua niko ndani. Sauti ya baba haikuwa ile ya sebuleni.

"Nimekusikia tangu Sindeni," alisema. "Lakini pale watanivua nguo, waniinamishe, na wa kuniinamisha ni kijana wa kuweza kuwa mwanangu. Niache na bawasiri yangu."

"Heri uvuliwe na kijana kuliko uvuliwe na mwosha maiti," Mzee Mhina akamjibu.

Kisha baba akacheka, akasema hiyo nayo ni kali, ataikumbuka, na nikasikia kandambili zao zikielekea barabarani. Sikujua walikuwa wanazungumzia nini. Nilidhani utani umeendelea.

Wanaotoka misibani hupenda sana kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo hunichoma roho, kwa sababu baba hakuficha. Alisemewa mbele ya watoto wake na akakiri, ila alikiri jina lisilo lenyewe. Rajabu ananiambia kwamba kwenye kipimo chenyewe, kile ambacho baba alikufa akikikimbia, alifunikwa shuka vizuri, akapewa dawa ya kumlaza, akaamka kimekwisha. Kilichomtesa ni siku ya kabla yake, kunywa dawa ya kusafisha tumbo na kushinda chooni. Tulicheka kidogo hapo. Nilimuuliza daktari amesema tule nini, nikijua kwamba wa umri wangu hachelewi kuambiwa aache kila kitu. Rajabu akasema daktari hakumwahidi kinga isiyoshindwa, maana umri na damu ya ukoo havichagui mwenye adabu. Lakini kuna yaliyo mikononi mwetu: kula nafaka isiyokobolewa, mboga za majani na jamii ya kunde kila siku, nyama iwe ya mara moja moja na isiunguzwe, kuacha sigara na pombe, kuutembeza mwili na kutouachia unene. Na damu ya chooni isipewe jina na mwenyewe wala na muuza mizizi, apewe daktari aipe jina. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ile orodha ilikuwa posho ya kambini na furushi kutoka Sindeni. Sidai kwamba mbavu za jioni ndizo zilizomwua baba, wako waliokula kama yeye wakazeeka. Ninachosema ni kwamba mwili wake uliita mapema, ukaita tena na tena, na mimi mpaka leo nimeukasirikia mwaka ule kwa jinsi ulivyokuwa wa furaha.

Tumbo lilifunga mvua za vuli zilipoanza. Baba hakupata choo wala kutoa hewa, akavimba, akaanza kutapika, na safari hiyo hakukuwa na wa kumuuliza kama anataka hospitali. Alipasuliwa. Daktari alituita mimi na mama pembeni ya wodi, kijana mwembamba kweli, wa kuweza kuwa mwana wa baba, akatueleza taratibu kwamba uvimbe umeziba utumbo na umekwishatuma mbegu zake kwenye ini, kwamba wamemfungulia njia nyingine ubavuni ya kutolea choo kwenye mfuko, na zaidi ya hapo hawana. Alisema ugonjwa huo huanza kidogo na huenda polepole, aghalabu unampa mtu nafasi. Akauliza damu ilianza kuonekana lini. Mama alifungua mdomo kusema hajawahi kuona damu. Nilimwona anaanza, nikamwona anasimama katikati ya neno. Alitazama viganja vyake, vile vilivyofua makoti yale, akakaa chini sakafuni pale pale watu wanapopita, na kijana yule akachuchumaa karibu naye.

Tulimrudisha baba nyumbani. Alilala chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya harufu, na aliyekuwa akiona haya kuvuliwa na daktari sasa alivuliwa na mama na mimi, na mfuko wa ubavuni tuliumwaga sisi. Hakuona haya tena. Hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko mengine yote, jinsi aibu aliyoilinda kwa uhai wake ilivyoondoka yenyewe bila kuaga. Nyama hakuitaka. Alikunywa uji, vijiko viwili vitatu, na siku moja akauliza kama mchunga upo. Mzee Mhina alihamia kwetu. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda kutwa nzima, mikono mapajani, akimfukuza nzi kwa upepeo. Nilikuwa nabadilisha shuka baba alipomgeukia.

"Mbona hunitanii?"

"Nimeishiwa."

"Mtani haishiwi. Nitanie, mzee, nyumba imekuwa kimya."

Mzee Mhina alikaa sawa. Alianza, "Mtumwa wangu," akaishia hapo, akajaribu tena, "Mtumwa wangu," kisha akainuka akatoka nje, nami nikamsikia uani anapenga kamasi. Baba alinitazama kwa macho yale yaliyokuwa makubwa usoni, akasema huyu mzee mwaka huu ameharibika. Alitaka nicheke. Nilicheka ili asinione.

Alifariki asubuhi, uji wake bado una moto, na kabla ya adhuhuri uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Wengi walitoka kambini, wengi walitoka Sindeni, na wote walijua kwamba jeneza halitatoka ndani mpaka mtani amelizuia. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anajilaza mlangoni, anadai maiti ni mtumwa wake ametoroka na kazi haijaisha, anamwiga marehemu anavyotembea na anavyokula, mpaka wafiwa wacheke walau mara moja na wamtupie chochote ndipo awapishe. Mzee Mhina alijilaza kwenye kizingiti. Wanaume wakasimama na jeneza mabegani, wanangoja, wengine wamekwisha kuanza kutabasamu.

"Hapiti," alisema. "Huyu nilimwambia. Nilimwambia kwa utani akacheka. Nikamwambia bila utani mkacheka nyote."

Uani kukalipuka kicheko. Mtu mmoja alisema amekwisha kuanza. Mzee Mhina aliinua kichwa akatuangalia, mmoja mmoja, akasema tena kwamba alimwambia, kwamba alivaa kanzu, kisha akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi, amejikunja, kofia imemvuka, anapiga kizingiti kwa kiganja. Watu wakazidi kucheka, maana mtani msibani hulia kuliko mjane ili kuwachekesha waliofiwa. Wakamtupia sarafu, zikamwangukia kifuani na kando ya shavu, hakuzigusa. Mwishowe vijana wawili walimshika makwapa, wakamburuta pembeni taratibu, bado wanacheka, na baba akapita. Nilisimama karibu na mama, ambaye alikuwa amejifunika khanga gubigubi. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanafuta macho na kuambiana kwamba hawajapata kuona mtani anayejua kulia vizuri kama yule.